Kabla Hujabeba Bomba

Leo hatukai darasani. Tunashuka bondeni, kwenye bustani za mboga.

Ukipita Mlola asubuhi, wakati ukungu bado umetanda kwenye vilima vya Usambara, utawaona vijana wakishuka na bomba la kupigia dawa mgongoni. Wengine wamevaa buti, wengine kandambili. Wengi ni vibarua: leo wanapiga dawa kwenye kabichi ya fulani, kesho kwenye nyanya za mwingine. Mchana wakirudi, shati limelowa mgongoni. Ukiuliza, "Hilo ni jasho?" wanacheka. Si jasho. Bomba linavuja.

Labda na wewe ni mmoja wao. Labda kuna siku ulirudi kazini kichwa kinagonga, macho yanawasha, mate yanajaa mdomoni, ukatapika. Nyumbani wakasema ni malaria. Wengine wakasema umelewa. Ukameza vidonge, ukalala, kesho yake ukabeba bomba tena.

Huko peke yako. Utafiti wa Aiwerasia Ngowi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, uliwauliza wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania habari za dawa za mashambani. Kati ya kila wakulima 100, 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa kwa namna ya kawaida tu. Si kwa ajali, bali katika kazi ya kila siku!

Sasa usije ukadhani tunataka uache kazi. Hapana. Mboga za Lushoto zinafika Tanga na Dar es Salaam, na pesa yake ndiyo inayonunua madaftari na mabati huku kwetu. Tunachotaka ni kitu kimoja: kabla hujabeba bomba, pima hatari ya kazi yenyewe. Watu wanadhani kupima hatari ni kazi ya maofisa wenye kofia ngumu viwandani. Si kweli. Hata wewe kibarua unaweza, kwa dakika kumi, bila kifaa chochote.

KIHATARISHI NA HATARI

Tuanze na maneno mawili. Watu huyachanganya.

Kihatarishi ni kitu chochote kinachoweza kukudhuru. Chupa ya sumu ni kihatarishi. Mteremko unaoteleza ni kihatarishi. Panga, gunia zito na jua kali pia.

Hatari ni jambo la kupima. Inategemea maswali mawili: Je, kuna uwezekano gani wa mimi kudhurika? Na nikidhurika, madhara yatakuwa makubwa kiasi gani?

Chukua chupa moja ya dawa ya kuua wadudu. Ikiwa imefungwa vizuri, ndani ya sanduku lenye kufuli, sumu ni ileile lakini uwezekano wa kukudhuru ni mdogo. Ifungue, ipime kwa kifuniko ukiwa mikono mitupu, imimine kwenye bomba linalovuja, libebe bomba mgongoni saa tatu. Chupa haijabadilika. Kilichobadilika ni hatari.

Na hapo ndipo penye habari njema: kama namna ya kufanya kazi imeongeza hatari, basi namna nyingine inaweza kuipunguza.

SUMU INAINGIAJE?

Wengi wakisikia sumu wanafikiria pua na mdomo, kwa hiyo wanafunga kitambaa puani na kujiona wamemaliza. Lakini kwa mpiga dawa, njia kubwa ya sumu kuingia mwilini ni ngozi. Mikono wakati wa kuchanganya, mapaja wakati wa kupita kwenye majani mabichi, mgongo wakati bomba linavuja. Tena kitambaa kikilowa dawa, unakaa nayo puani kutwa nzima.

Jamani, hapa tuongee wazi. Dawa inayovuja mgongoni haiishii mgongoni. Inateremka kiunoni, inaingia kwenye chupi. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya sumu moja iitwayo parathioni, wakilinganisha ngozi ya sehemu mbalimbali za mwili. Ngozi ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja, ilipitisha kiasi cha asilimia 9. Ngozi ya korodani ilipitisha karibu yote! Kwa hiyo kijana, bomba linalovuja si jambo la kuchekea.

Sumu nyingi za kuua wadudu, hasa za jamii ya oganofosfeti na kabameti, huvuruga mawasiliano ya mishipa ya fahamu na misuli. Ndiyo maana mtu hutokwa na jasho na mate mengi, machozi, tumbo humsokota, misuli hutikisika, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, na ikizidi hushindwa kupumua.

HATUA TANO ZA KUPIMA HATARI

Hatua ya 1: Tafuta vihatarishi

Usianze kuchanganya dawa. Kwanza zunguka. Jaza bomba maji matupu, lifunge, lipige, liinamishe. Linavuja wapi? Kwenye kifuniko? Kwenye mpira? Kwenye mshikio? Kisha tazama chupa. Lebo ina mstari wa rangi chini yake: nyekundu ni sumu kali sana, ikifuatiwa na njano, halafu bluu, halafu kijani. Kijani haina maana kwamba ni juisi. Bado ni dawa. Kama chupa haina lebo, au dawa imehamishiwa kwenye chupa ya soda, hicho ni kihatarishi kikubwa kuliko vyote, maana hujui unachobeba.

Tazama na upepo unatoka wapi, mteremko unateleza kiasi gani, maji ya kunawa yako umbali gani.

Hatua ya 2: Jiulize nani atadhurika, na vipi

Hapa wengi wanajihesabu wenyewe tu. Hesabu vizuri. Dada yako atafua shati lako katika beseni moja na nguo za mtoto. Mama anateka maji chini ya bonde, na wewe unataka kuoshea bomba juu ya kijito. Kina mama wa kupalilia wataingia shamba hilohilo kesho, pengine mmoja ana mimba. Mtoto mdogo ataokota chupa tupu achezee. Kazi ni yako, lakini sumu inatembea.

Hatua ya 3: Pima

Chukua kijiti, andika chini kwenye udongo. Uwezekano wa kudhurika upe namba: 1 kama ni mdogo, 2 kama ni wa kati, 3 kama ni mkubwa. Ukubwa wa madhara nao: 1 kama ni mkwaruzo, 2 kama utaumwa siku kadhaa, 3 kama unaweza kulazwa, kupata ulemavu au kufa. Kisha zidisha.

Bomba linavuja na dawa ni ya rangi ya njano: uwezekano 3, madhara 3, jumla 9. Hakuna namba kubwa kuliko hiyo. Kazi isianze.

Bomba limezibwa, dawa ileile: uwezekano 1, madhara 3, jumla 3. Umeona? Madhara hayajashuka, kwa sababu sumu ni ileile. Ukibadilisha dawa, ukapata ya rangi ya bluu inayofaa kwa mdudu yuleyule, unapata 1 mara 2, yaani 2.

Namba hizi si za mtihani. Kazi yake ni kukuonyesha uanze kurekebisha wapi.

Hatua ya 4: Chukua hatua, ukianzia juu

Hapa lazima nikusimulie. Siku moja nilikuwa nafundisha kundi la vijana somo hili. Nikafika kwenye vifaa vya kinga, nikataja koti la mpira, glavu, miwani, barakoa. Kijana mmoja akanyoosha mkono.

"Samahani dada. Hivyo vitu nanunua kwa pesa ipi? Na mwenye shamba ni mjomba wangu. Nikimdai ataniona mvivu, kazi atampa mwingine."

Wenzake wakanyamaza. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeanza somo kwa kichwa chini, miguu juu. Vifaa vya kinga ni ngazi ya mwisho, siyo ya kwanza. Tukalipanga upya somo pamoja, hivi:

Kwanza, ondoa hatari. Je, leo kweli kuna haja ya kupiga dawa? Wengi wanapiga kwa kalenda, kila wiki, wadudu wawepo wasiwepo. Kagua majani kwanza, juu na chini. Ng'oa mmea ulioathirika. Usirudie nyanya baada ya viazi katika shamba moja, maana ni jamii moja na magonjwa yao yanafanana. Siku usiyopiga dawa ndiyo siku salama kuliko zote, na mwenye shamba ameokoa pesa.

Pili, badilisha. Muulize bwana shamba au muuza pembejeo kama kuna dawa yenye sumu ndogo zaidi kwa tatizo hilohilo. Usichanganye dawa tatu kwenye bomba moja kwa kubahatisha. Ule utafiti wa 2007 ulikuta karibu theluthi moja ya wakulima wanachanganya, wala lebo wala bwana shamba hakuna aliyewaelekeza namna ya kufanya hivyo. Tangu kantangaze, yule mdudu wa nyanya, aingie Tanzania mwaka 2014, tamaa ya kuchanganya imeongezeka. "Mgosi, bila kuchanganya hafi!" utaambiwa. Lakini mdudu anayepigwa ovyo huzoea dawa, na anayebaki na sumu mwilini ni wewe.

Tatu, rekebisha chombo. Badilisha mpira wa kifuniko. Kaza maungio. Nozeli ikiziba usiipulize kwa mdomo. Tumia mswaki wa zamani na maji. Usijaze bomba hadi juu, hasa kwenye mteremko.

Nne, panga kazi. Piga asubuhi mapema, kabla ya jua kali na upepo. Upepo usikupige usoni. Anzia upande ambako upepo unaelekea, ukirudi nyuma, ili usipite kwenye majani uliyokwisha kuyalowesha. Koroga kwa kijiti, siyo kwa mkono. Dawa ambayo bado haijatiwa maji ndiyo kali kuliko zote. Usile, usinywe, usivute sigara kabla hujanawa kwa sabuni. Pokezaneni, mtu mmoja asibebe bomba kutwa nzima.

Tano, jikinge. Shati zito la mikono mirefu. Suruali itoke nje ya buti, siyo ndani, dawa isiingie miguuni. Glavu za mpira. Za kitambaa au ngozi hunyonya sumu. Na kama bado huna koti, weka kipande cha nailoni safi kati ya bomba na mgongo, kianzie mabegani kipite kiuno. Hakitoshi, lakini ni bora kuliko shati tupu.

Ukiangalia vizuri, ngazi nne za kwanza zina gharama ndogo, na baadhi hazina gharama kabisa.

Na mjomba je? Vijana wenyewe ndio waliotoa jawabu. Walisema kwa mkubwa huendi na madai, unaenda na hesabu. "Mjomba, shikamoo. Bomba linavuja, dawa uliyonunua inaishia mgongoni kwangu badala ya kwenye nyanya. Tukinunua mpira wa kifuniko, utaokoa dawa." Kijana yule alikwenda, tena hakwenda peke yake; walikwenda watatu wanaofanya kazi shamba hilo. Mjomba aliguna, akasema vijana wa siku hizi wana maneno. Kesho yake akanunua mpira. Koti bado hajanunua. Lakini mgongo ni mkavu.

Hatua ya 5: Andika, na urudie

Tumia daftari la kurasa chache. Andika tarehe, dawa, rangi ya lebo, shamba, ulichorekebisha, na kama ulijisikia vibaya baadaye. Hatari haipimwi mara moja ikaisha. Likija bomba jipya, dawa mpya, au msimu wa mvua mteremko ukawa utelezi, pima upya.

MTU AKIDHURIKA

Mwondoe shambani, mpeleke penye hewa. Mvue nguo zote zenye dawa. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiwa dawa imeingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Wewe unayemsaidia usiguse dawa kwa mikono mitupu.

Usimtapishe. Usimpe maziwa. Najua huku kwetu wengi wanaamini maziwa yanakata sumu, na wengine wanayanywa kabla ya kazi ili wawe salama. Maziwa hayazuii sumu iliyopita kwenye ngozi, na mtu aliyelegea anaweza kupaliwa. Akizimia, mlaze ubavu. Mwahishe kituo cha afya au hospitali. Chukua chupa au lebo, iweke kwenye mfuko, uende nayo, ili mganga ajue ni sumu gani. Dawa za kutibu zipo, lakini hutolewa hospitali, siyo dukani.

Na ukifika, usiseme tu "kichwa kinaniuma." Sema, "Nilikuwa napiga dawa shambani." Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akawataka madaktari wamwulize mgonjwa swali moja zaidi: "Unafanya kazi gani?" Mganga wako akisahau kuuliza, wewe mwambie.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA. Inamtaka mwajiri achunguze hatari za mahali pake pa kazi na kuwakinga watu wake. Vifaa vya kinga ni jukumu lake, siyo makato kwenye ujira wako. Dawa zenyewe zinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Dawa isiyosajiliwa hairuhusiwi kuuzwa.

Kama hujafikisha miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza upewe kazi ya hatari. Kupiga sumu ni kazi ya hatari kwa kipimo chochote. Mwili unaokua hudhurika zaidi. Yupo atakayekwambia, "Sisi tulianza tukiwa darasa la nne." Mjibu kwa heshima, lakini bomba usibebe.

Tunajua mkaguzi wa serikali haonekani bondeni kila siku. Ndiyo sababu tunakufundisha upime mwenyewe. Lakini ni vizuri ujue kwamba ukisema "bomba hili sibebi mpaka lizibwe," huombi hisani. Sheria iko upande wako.

ZOEZI: FANYENI NA WENZAKO

Sasa achaneni na dawa. Chukueni kazi nyingine ya hapahapa: kupakia magunia ya lumbesa kwenye Fuso. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Lumbesa ya viazi hupita mbali na hapo. Jadilini:

1. Taja vihatarishi vitatu katika kazi hiyo. Usisahau ubao wa kupandia na njia yenye matope.
2. Nani wanaweza kudhurika, mbali na anayebeba?
3. Pima kila kihatarishi: uwezekano mara madhara. Kipi kimepata namba kubwa?
4. Anzia ngazi ya juu. Je, gunia linaweza kupunguzwa kabla hamjafikiria mkanda wa kiunoni?
5. Mtamweleza nini tajiri wa gari, na nani ataongea kwa niaba yenu?

Msipige kura haraka. Anayebeba magunia kila siku aachwe aongee kwanza, maana yeye ndiye anayeujua mgongo wake.

NENO LA MWISHO

Kazi ni heshima, na kijana wa Usambara haogopi kazi. Lakini mwenye shamba akipoteza msimu mmoja, atapanda tena. Wewe ukipoteza mapafu, mishipa au mgongo, huna pa kununua vingine. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujajaza dawa, jaza maji matupu kwenye bomba, libebe, tembea hatua ishirini, kisha lishushe ujipapase mgongo.

Ukikuta pakavu, kapige kazi. Ukikuta pamelowa, rudi kwa mwenye shamba na hesabu yako mkononi. Ukiweza, nenda na wenzako.